Naomba ushauri: tumwite mtoto Amibeth?

Habari zenu ndugu zangu. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, na tunataka binti yetu awarithi bibi zake wote wawili, Amina na Elizabeth. Tumeunganisha, tukapata Amibeth.

Amina ni la Kiarabu, mwaminifu. Elizabeth limetokana na Elisheva la Kiebrania, hufasiriwa "Mungu wangu ni kiapo". Shangazi yangu wa Tanga amelikataa: kwao ami ni ndugu wa kiume wa baba, mtoto wa kike ataitwaje hivyo? Wengine wanasema jina la kuungaunga halina maana kabisa. Hao sikubaliani nao. Vanessa lilibuniwa na mwandishi Jonathan Swift kwa kuunganisha vipande vya jina la rafiki yake, Esther Vanhomrigh, na leo wanaitwa hivyo mabinti wengi tu. Hata nchi yetu ilipata jina la Tanzania mwaka 1964 kwa kuunganisha Tanganyika na Zanzibar.

Hoja ya shangazi ndiyo inaniumiza kichwa, maana ndiye aliyenilea. Mliowahi kuunganisha majina: tuliache, tuligeuze liwe Lizamina, au tumpe yote mawili, Amina Elizabeth? Tungependa kuamua kabla ya kwenda RITA kumsajili.