Naomba ushauri: kukopa kikoba ni kukosa imani?

Shalom wapendwa. Niko Tanga, nakaanga samaki jioni huku Sahare. Kusi limevuma, mashua nyingi hazitoki, na ndoo ya vibua imepanda bei hadi mtaji unakatika. Jana mafuta kwenye karai yalikuwa mengi kuliko samaki.

Kikoba chetu kiko tayari kunikopesha niongeze mihogo ya kukaanga. Mume wangu hataki kusikia. Anasema Mathayo 6:26 iko wazi, ndege hawapandi wala hawavuni na Baba anawalisha, kwa hiyo deni ni kutomwamini Mungu. Namheshimu, na kila usiku tunaomba pamoja. Ila ndege ninaowaona mimi hapa ufukweni, alfajiri wameshaamka wanagombea dagaa zilizomwagika. Na Paulo si ndiye aliyewaandikia Wathesalonike kuwa asiyetaka kufanya kazi asile? (Baba watoto si mvivu, jamani, msimseme vibaya. Ni fundi ujenzi, vibarua vimeadimika tu.)

Kukopa kwa siri siwezi. Nimwelezeje bila kuonekana nabishana na Neno? Mliopitia hili, hasa akina baba, nisaidieni, kikoba kinakaa Jumamosi.