Mjadala: Siki, kitunguu saumu na Vicks kwa fangasi ya kucha za miguu. Ziachwe kabisa, au zitumike kwa akili?

Mleta hoja, Morogoro
Wakuu, hoja ndiyo hiyo. Kila saloni na kila kundi la WhatsApp lina dawa yake: siki, ndimu, kitunguu saumu, mwarobaini, Vicks, hata Jik. Wengine wanasema huo ni upuuzi, mtu ameze vidonge. Wengine wanajibu kwamba vidonge vinaharibu ini na mnyonge hana hela yake. Mimi nasema tiba za nyumbani hazishindwi kwa sababu ni za nyumbani, zinashindwa kwa sababu hazifiki. Fangasi imekaa chini ya ukucha, kwenye nyama. Ukipaka juu unapaka ukuta na mwizi yuko chumbani. Halafu muda: ukucha wa kidole gumba cha mguu unakua kama milimita moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo mpaka ubadilike wote ni mwaka hadi mwaka na nusu. Aliyeloweka mguu wiki mbili akasema "imegoma", na aliyeloweka wiki mbili akasema "imenisaidia", wote wawili hawajaona kitu.

Mfamasia, Tanga
La ukuta nakubali. Ila tusizitie zote kapu moja, maana mbili zimewahi kupimwa. Mafuta ya mti wa chai yalipimwa Marekani, matokeo yakatoka 1994: yalipakwa mara mbili kwa siku kwa miezi sita, wengine wakipaka klotrimazoli ya 1%, krimu ya kawaida ya fangasi ya ngozi. Waliopimwa maabara wakakutwa hawana fangasi tena ni 18% kwa mafuta na 11% kwa klotrimazoli. Msishangilie: maana yake ni kwamba yote mawili yaliwaacha wengi walipokuwa. Vicks VapoRub ilijaribiwa hukohuko, 2011, kwa watu 18 tu na bila kundi la kulinganisha. Baada ya wiki 48 watano walipona kabisa, 10 walipata nafuu kiasi, watatu hawakubadilika. Kidogo, lakini si sifuri.

Na jamani, mti wa chai si chai ya Mufindi wala si mchaichai. Ni mti wa Australia. Kuna watu wananunua mafuta ya mchaichai wakidhani ndiyo hayo.

Fundi maabara, Mombasa
Mnagombania dawa kabla ya kujua ugonjwa. Karibu nusu ya kucha nene au zilizobadilika rangi hazina fangasi hata chembe. Ni kiatu kinachobana, jeraha la zamani, au soriasisi, ugonjwa wa ngozi usio wa fangasi. Hapo hata ukinywa dawa zote za duka, ukucha utabaki vilevile.

Kipimo ni rahisi. Ukucha unasafishwa kwa spiriti, unakatwa, kisha unga unakwanguliwa kutoka chini yake, karibu kabisa na pale sehemu mbovu inapokutana na nzima. Unga huo unawekwa kwenye potasiamu haidroksaidi, kemikali inayoyeyusha ukucha ili fangasi ionekane, na kuangaliwa kwa darubini, majibu siku hiyohiyo. Kuotesha fangasi maabara ndiko kunakochukua hadi wiki nne. Makosa ni mawili: kuleta kipande cha ncha tu, ambacho mara nyingi hakina fangasi hai, na kuja huku bado unapaka dawa. Pumzisha dawa wiki kadhaa kwanza, la sivyo majibu yatasema huna na unayo.

Rangi nazo zinasema. Ukucha wa kijani kwa kawaida ni bakteria, na hapo siki iliyozimuliwa ina sababu ya kutumika. Mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu watu weusi. Lakini mstari mweusi kwenye ukucha mmoja, unaopanuka au kumwaga rangi kwenye ngozi ya pembeni, usiulowekee chochote, nenda hospitali. Saratani ya Bob Marley ilianzia chini ya ukucha wa mguu, ikagunduliwa 1977, na 1981 akafariki.

Fundi wa kucha, Dar
Kama tatizo ni kufika, basi kazi ni kupunguza ukucha, na hilo hakuna dawa ya kuloweka inayolifanya peke yake. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, kausha, kata ukucha moja kwa moja bila kuchimba pembe, kisha sugua uso wake kwa tupa mpaka uwe mwembamba. Simama kabla hujasikia maumivu. Vaa barakoa, ule unga si wa kuvuta. Ukucha mgumu kama pembe unahitaji krimu ya yurea ya 40%, inayolainisha ukucha: paka vaselini kwenye ngozi ya pembeni, weka yurea juu ya ukucha tu, funika kwa plasta, badilisha kila siku. Baada ya wiki moja mpaka mbili unakwanguka kama sabuni. Hapo sasa chochote unachopaka kina njia.

Tupa iliyogusa ukucha mbovu haigusi mzima. Na wale vijana wanaopita mitaani na kikapu cha rangi na kibeseni kimoja, wakihamisha tupa ileile mguu hadi mguu, tuseme ukweli: kunawa kwa sabuni hakuitakasi tupa. Nenda na vifaa vyako.

Muuguzi, kliniki ya kisukari, Unguja
Samahani fundi, somo lako zuri, lakini mwenye kisukari asilifuate. Mguu uliokufa ganzi hausikii maji yakiwa moto wala tupa ikifika nyamani. Kidonda kidogo hapo kinaweza kuishia kukatwa kidole. Akaguliwe na kukatwa kucha kliniki.

Na kwa wote: kitunguu saumu kibichi kilichopondwa na kufungwa usiku kucha kinaunguza ngozi kama dawa ya kemikali, malengelenge kabisa. Ndimu ukiipaka kisha ukatoka juani inaacha jeraha na doa jeusi la miezi. Jik haina nafasi kwenye mguu wa binadamu. Siki ya kawaida ya 5% izimuliwe, kipimo kimoja kwa viwili vya maji, dakika 15, na ukiona ngozi inapasuka acha. Kupasuka ndiko kunakofungua mlango wa bakteria.

Mchangiaji, Lamu
Ndugu mfamasia, kuna ile dawa ya fangasi inayopakwa kama rangi ya kucha, amorolfini. Inatengeneza tabaka linalozuia maji. Mtu wa udhu afanyeje?

Mfamasia, Tanga
Swali la maana, na wengi wanaacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo. Amorolfini ya 5% hupakwa mara moja au mbili kwa wiki, miezi tisa hadi 12, na kweli ni tabaka. Hukumu yake kwa mgonjwa muulize shehe wako. Upande wa dawa, njia nyingine ni vidonge. Wa Vicks apake baada ya Isha, alfajiri aoshe kwa sabuni, maana ina mafuta yanayozuia maji.

Vidonge vyenyewe vya fangasi: terbinafini miligramu 250 kila siku, wiki 12 kwa kucha za miguu. Ini lipimwe kabla, hasa kwa mnywaji pombe au aliyewahi kuugua ini. Mkojo ukiwa kama chai ya rangi au macho yakiwa manjano, acha dawa na uende hospitali. Wengine hupoteza ladha ya chakula. Watu wakimaliza wiki 12 wanasema "sijapona" kwa kuwa ukucha bado mbaya. Angalia shinani, pale ukucha unapoanzia: ukiona unatoka msafi, imefanya kazi, uliobaki unasubiri kukua ukatwe. Vidonge vya ketokonazoli, dawa nyingine ya fangasi, visitumike kwa kucha. Marekani waliondoa idhini ya matumizi hayo 2013 kwa sababu ya ini. Na zile krimu za mseto zenye steroidi zinatuliza muwasho huku fangasi inanenepa.

Mleta hoja, Morogoro
Basi nalegeza msimamo kidogo. Ukucha mmoja, ulioliwa chini ya nusu, shina halijaguswa, mtu hana kisukari: apunguze ukucha, achague kitu kimoja, apake kila siku mwaka mzima, apige picha kila mwezi kwa pembe ileile. Shina likishaliwa au kucha zikiwa kadhaa, siki ni kupoteza muda.

Fundi maabara, Mombasa
Ongeza kati ya vidole. Ngozi nyeupe yenye kuwasha pale ndipo fangasi inapotokea na kurudi. Klotrimazoli au mafuta ya Whitfield, yale ya fangasi ya ngozi, yanafanya kazi kwenye ngozi, si kwenye ukucha. Na raba moja isivaliwe siku mbili mfululizo, ipate kukauka.

Fundi wa kucha, Dar
Na hina? Wateja wa harusi wanaficha ukucha mbovu kwa hina.

Fundi maabara, Mombasa
Inaficha kweli, hata sisi wa maabara inatuficha. Ikishapakwa, rangi ya ukucha haisomeki mpaka ukucha ukue. Pima kwanza, harusi baadaye.