Safari ya kwanza ng'ambo: Dubai, India au Malaysia? Laki mbili u nusu mkononi

Mwalimu_Mkomani
Asalaam aleikum wana jukwaa. Zamu yangu ya chama inatoka mwezi ujao, laki mbili u nusu, na nimeapa safari hii haitaliwa na mabati wala saruji. Nataka kutoka nje ya nchi mara ya kwanza maishani. Mezani kuna Dubai, India upande wa Mumbai, na Malaysia. Niko Amu, yaani Lamu. Sitaki anasa, nataka kuona dunia na kula vizuri. Wapi kutanifaa?

shela_boy
Mwalimu umetupa swali nusu. Hio pesa ni ya mtu mmoja au nyumba nzima? Tiketi imo ndani? Mwezi gani, siku ngapi? Paspoti unayo? Jibu kwanza, sio watu wakae hapa wakipiga ramli.

Mama_Achari
Dubai mwanangu, usihangaike. Ndege unapanda Mombasa hapo hapo uwanja wa Moi, hata Nairobi huioni. Mimi nimekwenda mara tatu kununua madira na vitenge vya biashara, nalala Deira, mtaa wa Dubai kwenyewe, nakula kwa Wapakistani, narudi na mabegi yangu. Visa anakushughulikia ejenti.

nahodha_mstaafu
Ng'ambo mnayosema nyinyi ni ipi? Kwetu sisi ng'ambo ni Mokowe, hapo bara tu ukivuka kwa boti, na mimi naenda kila siku 😂
Lakini maadamu mwalimu ameuliza, nashangaa Maskati haimo kwenye orodha. Maskati utasalimiwa kwa Kiswahili sokoni, wako Waomani kibao waliozaliwa Unguja au wazee wao walitoka huko. Ukipita soko la Matrah jioni, ule udi na ubani, utadhani uko harusini Langoni. Babu zetu walikuwa wakienda na kusi wakirudi na kaskazi, hakuna aliyewauliza visa.

shela_boy
Babu zako walikwenda na jahazi miezi, ami, mwalimu ana likizo ya wiki tatu.

Mwalimu_Mkomani
Samahanini nilikuwa darasani. Ni watu wawili, mimi na mke wangu. Tiketi imo ndani ya hizo hizo. Siku saba mpaka kumi. Agosti shule zikifungwa, au Desemba. Paspoti tunazo wote.

roti_canai
Sasa mambo yamekuwa mengine kabisa, watu wawili na tiketi ndani! Lakini bado nitaipigia debe Malaysia. Sisi Wakenya hatuhitaji visa kule, unapewa siku 30 ukifika. Kuna fomu ya mtandaoni unajaza ndani ya siku tatu kabla hujafika, ni bure, ukiona tovuti inakudai dola ujue ni matapeli. Chakula halali kila kona, hakuna kuuliza uliza. Nilikuwa nakula wali wa nazi asubuhi, wanauita nasi lemak, wanauweka na dagaa wa kukaanga na pilipili na yai, yani wallahi mtu wa pwani akila ule anajiuliza nani aliiba mapishi ya mwenzake. Ringgit moja ni kama shilingi 30 na sahani ya barabarani haikuvuka ringgit kumi. Mapango ya Batu ngazi 272, kupanda ni bure. Tatizo ni tiketi tu, hakuna ndege ya moja kwa moja toka Nairobi, unabadilisha Doha au Dubai au Addis, na mimi peke yangu nililipa laki moja kasoro kidogo.

BintiMaweni
Kaka, laki kasoro mara mbili ni ngapi? Mwalimu atabaki na hamsini alale kwa siku kumi na mke wake, tena bado hajatoka Amu. Boti, basi la Mombasa, treni ya kwenda Nairobi elfu moja na mia tano kila mtu daraja la chini, na kulala Nairobi siku moja. Watu wa bara wakihesabu safari wanaanzia uwanja wa ndege, sisi safari inaanza gatini.
Mwalimu nenda India. Nilimpeleka mamangu Mumbai kwa matibabu ya goti tukakaa wiki tatu, goti lilipona na mimi nikanenepa. Ndege toka Nairobi ni ya moja kwa moja na tiketi yetu ilikuwa nafuu kuliko hio ya Malaysia kwa mbali. Visa unaomba mtandaoni, hakikisha anwani inaishia gov.in, zile nyingine ni za wajanja. Mtaa wa Mohammed Ali Road usiku hulali njaa. Na nendeni Haji Ali, ni msikiti na kaburi katikati ya bahari, njia ya kwendea iko chini kabisa, maji yakijaa inafunikwa. Mamangu alisimama pale akayatazama maji akasema "yametoka, twendeni sasa hivi, tukichelewa tutarudi na viatu mkononi." Watu wote wanaangalia simu kujua saa, yeye alitazama mawe.

nahodha_mstaafu
Huyo mama yako anajua bahari. Lakini Agosti usimpeleke mtu Mumbai. Kusi hii hii inayotufungia sisi boti Juni na Julai ndiyo inayobeba mvua kwenda Bara Hindi, inawapiga Juni mpaka Septemba. Wao mvua yao ni upepo wetu. Nenda Desemba, kaskazi ikiwa imetulia, huko ni kukavu na kuna ubaridi mtamu.

kobe_wa_watamu
Nimeona mtu anasema Dubai na ejenti nikashikwa na kichwa. Ngoja niwape yangu.

Mwaka juzi tulilipa ejenti mmoja Mombasa, jina nalihifadhi, siku tano watu wawili, kila kitu ndani, hoteli nyota nne "karibu na kila kitu". Tukalipa mwezi wa nane kwa sababu ilikuwa rahisi. Hatukujiuliza kwa nini ilikuwa rahisi! Tumeshuka ndege saa tano usiku, mlango ulipofunguka mke wangu akarudi nyuma, akadhani ni moshi wa injini. Haukuwa moshi, ndio hewa yenyewe. Saa tano usiku!! Gari likatuchukua likaenda, likaenda, nikaona vibao vya Sharjah vinapita, tukatupwa Ajman. Ajman sio Dubai jamani, ni utawala mwingine kabisa, na teksi ya kuja Dubai asubuhi tulilipa pesa ambayo kwetu ni ya wiki nzima sokoni. Nikampigia ejenti, akaniambia "lakini bwana, ni karibu". Safari ya jangwani iliyoandikwa kwenye karatasi tukaambiwa inalipiwa mbali. Mchana huwezi kutembea, joto zaidi ya nyuzi arobaini, makubadhi yangu mapya ya Amu yaliachia gundi, soli ya kushoto ikabaki kwenye lami pale Deira nikaokota nikaweka mfukoni. Basi tukawa kazi yetu ni kuingia maduka makubwa kupigwa na kipupwe, tunatembea tunaangalia vitu hatununui, mlinzi mmoja mpaka akatuzoea.

Kitu kimoja tu nilichofurahia ni abra, zile boti ndogo za kuvuka hori toka Deira kwenda Bur Dubai, dirhamu moja tu. Tulivuka mara sita jioni moja kwa sababu ya upepo.

nahodha_mstaafu
Kwa hio umetoka Watamu, umelipa ejenti, umepanda ndege, kwenda kupanda boti 😂😂😂

kobe_wa_watamu
Cheka tu ami. Ile boti ndio ilikuwa pesa halali peke yake.

Mama_Achari
Si kosa la Dubai hilo, ni kosa la mwezi. Mimi naenda Januari na nalala Deira, kila mtu anakwambia Deira. Nyinyi mnalipa kitu hamjaangalia ramani, baadaye mnalaumu nchi ya watu.

ustadh_wa_barani
Ndugu zangu, safari ya kwanza na mke, pesa halali ya chama, kwa nini isiwe Umra? Hamuoni?

Mwalimu_Mkomani
Ustadh umenigusa. Mke wangu alisema hivyo hivyo, lakini anataka twende na mamake, na pesa ya watatu sina. Nimeweka niya ya mwaka mwingine inshallah.

chai_tangawizi
Mi naona mnajitesa. Zanzibar, basi. Hakuna visa, lugha yako, bahari yako.

shela_boy
Zanzibar sio ng'ambo.

chai_tangawizi
Unapigwa muhuri paspoti, pesa nyingine, rais mwingine, kwa nini isiwe ng'ambo?

shela_boy
Mtu wa Amu kwenda Zanzibar ni kwenda kutazama milango mingine. Tunayo hapa nyumbani.

roti_canai
Na Malaysia mtu anaona mpya. Penang kule George Town kuna mji mkongwe uko kwenye orodha ya UNESCO kama Amu, na Agosti upande wao wa magharibi hauna taabu, mvua kubwa za kaskazi zinapiga mashariki mwisho wa mwaka. Halafu mkifika mtauliza habari za Wachina waliofika kwetu na majahazi yale makubwa.

BintiMaweni
Wachina tena. Kila uzi lazima mtu awalete. Lakini kweli Malindi tulimpelekea mfalme wao twiga mwaka 1415, na mpaka leo sisi wenyewe kwenda huko tunahesabu senti.

siyu_asili
Msiseme kwa mzaha, Siyu, kisiwani Pate, wako watu wanasema wazee wao ni mabaharia Wachina merikebu ilivunjika. Na ile sarafu ya Yongle, mfalme wa China, ilipatikana kisiwa cha Manda hapo jirani 2013, mnakumbuka?

shela_boy
Sarafu inaweza kuja na mfanyabiashara yeyote, Mwarabu, Mhindi, sio lazima Mchina alale Siyu.

siyu_asili
Njoo Siyu uniambie hivyo mbele ya nyanya yangu.

kobe_wa_watamu
Turudini kwa mwalimu. Paspoti zenu zinaisha lini? Nauliza kwa sababu nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele, na watu wanarudishwa kaunta ya ndege, si huko.

Mwalimu_Mkomani
Yangu mwaka 2030. Ya mke wangu... nimeitoa kabatini sasa hivi. Januari.

kobe_wa_watamu
Januari inayokuja??

Mwalimu_Mkomani
Ndio 😩

BintiMaweni
Basi Agosti imekufa na Desemba imekufa, mpaka afanye mpya. Ombeni sasa kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, ile ya kurasa 34 ni elfu saba na mia tano na kitu, halafu afike Mombasa mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Toeni hio kwenye laki mbili u nusu kabla hamjafanya lolote. Na kadi ya njano msisahau, ile ya chanjo ya homa ya manjano, India na Malaysia wote wanaitaka kwa sisi tunaotoka Kenya. Mchome angalau siku kumi kabla ya safari, ukichomwa mara moja inatosha maisha.

Mwalimu_Mkomani
Shukran sana. Sasa naona Mumbai Desemba, au nisubiri Malaysia nikiongeza akiba kidogo. Mke wangu amesoma uzi huu wote na yeye sasa anataka Maskati kwa sababu ya ubani.

nahodha_mstaafu
Mpe salamu zangu, huyo ana akili.

roti_canai
Mwalimu ukichagua Malaysia nitafute, nina rafiki pale anaumwa na hamu ya achari ya maembe, umbebee chupa mbili.

Mama_Achari
Chupa mbili nitampa mimi bure, lakini aweke kwenye begi kubwa, sio la mkononi. Mimi walininyang'anya kaunta ya ukaguzi Mombasa, wanasema ni maji maji zaidi ya mililita mia. Achari! Maji maji! Nimeisimamia siku nne juani.

shela_boy
Ya Malindi hio? Mbebeeni mtu ya Amu bwana, ya Malindi ina sukari.

Mama_Achari
Ina sukari? Wewe umekula ya nani?