Mkono wa mzee umelegea baada ya kiharusi: menyu ya kwenye skrini itamsaidia kutumia simu?

Mjukuu wa Lushoto
Wadau, habari za jioni. Mzee wangu alipata kiharusi. Namshukuru Mungu anaongea vizuri na anatembea kwa mkongojo, ila mkono wa kulia haujarudi. Simu anaishika kwa kushoto na dole gumba la mkono huohuo ndilo linalofanya kazi yote. Ni Android 12 ya bei ya kawaida. Vinavyomshinda ni kubonyeza vitufe vya pembeni na kuvuta arifa kutoka juu. Halafu akigusa programu, kidole kinakawia, zinaanza kuhama. Juzi WhatsApp tumeikuta ukurasa wa tatu.

Siku hizi anawapa vijana wa dukani simu wamwangalizie salio la M-Pesa, na namba ya siri anawatajia kwa sauti mbele za watu. Hilo ndilo linaloniumiza. Nasikia kuna menyu ya kukaa juu ya skrini. Inawekwaje, na haitamchanganya mtu wa miaka 71?

Mama Cherehani, Morogoro
Pole kwa kuuguza, mwanangu. Mimi ni mshonaji, baridi yabisi imenikamata vidole, na asubuhi za baridi kitufe cha pembeni sikiwezi kabisa. Kwa hiyo nakueleza kitu ninachokitumia kila siku.

Ingia Mipangilio, kisha Ufikivu. Kama simu iko kwa Kiingereza, tafuta Accessibility. Humo kuna Menyu ya Ufikivu, washa njia yake ya mkato. Kitatokea kitufe cha duara pembeni mwa skrini. Akikigusa, inafunguka menyu yenye kuongeza na kupunguza sauti, kufunga skrini, kuzima simu, arifa, mwangaza, hata kupiga picha ya skrini. Rudi kwenye mipangilio ya menyu hiyo uwashe vitufe vikubwa, hapo hata dole gumba linalotetemeka halikosei. Kile cha duara kinaburuzwa: kiweke kushoto, usawa ambao dole gumba lake linafika bila kunyanyua mkono. Mpe simu aishike kwanza, ndipo uchague mahali.

Hilo la programu kuhama dawa yake iko humohumo kwenye Ufikivu. Tafuta muda wa kugusa na kushikilia, uuweke mrefu. Kwa kawaida umewekwa mfupi, kidole kikichelewa kidogo simu inadhani umeshikilia makusudi. Mimi ningeanza na hili kabla ya yote, maana ndilo linalomkatisha mtu tamaa.

Salio sasa. Hifadhi *150*00# kwenye majina, uite "A Salio" likae juu kabisa. Atagusa jina, atapiga, atafuata menyu ya M-Pesa hadi kwenye salio, namba ya siri ataingiza mwenyewe. Na hiyo ya sasa mbadilishieni leo, nakuomba sana. Mzee ana haki ya kujua pesa zake bila duka zima kujua.

Usimwashie mambo yote siku moja. Menyu peke yake kwanza, aizoee.

Fundi wa Kona
Mama kamaliza. Niongeze kwa wengine: Samsung nyingi zina ya kwao, iko Accessibility, Interaction and dexterity, Assistant menu. iPhone inaitwa AssistiveTouch, iko Accessibility kisha Touch. Wengi wanaijua kwa sababu ya kitufe cha nyumbani kilichokufa.

Tahadhari mbili. Kubana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache huweza kuwasha TalkBack, ile inayosoma skrini kwa wasioona. Simu inaanza kuongea, ukigusa mara moja inachagua tu, kufungua ni kugusa mara mbili, kupandisha ukurasa ni vidole viwili. Watu wanakimbilia kwa fundi wakisema simu imeingia virusi. Bana tena vitufe vilevile, kwa kawaida itazima.

Ya pili ni nzito. Menyu hii imo ndani ya simu tayari. Usipakue programu ya mtaani inayoomba ruhusa ya Ufikivu, kwa sababu ruhusa hiyo inaiwezesha kusoma kilicho kwenye skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Wezi wa pesa za simu wanaipenda.

Mjukuu wa Lushoto
Shikamoo Mama, na asante sana fundi. Muda wa kushikilia nimeuweka mrefu, programu zimetulia. Kitufe nilikuwa nimekiweka chini kabisa, mzee akakataa, akakisogeza mwenyewe hadi katikati. Namba ya siri tumebadilisha. Swali moja: akiwa anaangalia video kitufe kinamziba, kinaweza kufifia?

Mama Cherehani, Morogoro
Marahaba. Ndiyo. Kwenye Ufikivu fungua mipangilio ya kitufe chenyewe, utaona ukubwa na kufifia kisipotumika. Ukubwa mwachie mkubwa, kufifia weka kati, kikipauka sana macho ya mzee hayatakiona.