Kikundi: Wana wa Bi Kombo

ALHAMISI

18:51 Da Zuhura: Asalaam alaykum wana wa Bi Kombo. Kikao cha ukoo ni Jumapili saa 2 usiku, kwenye Zoom. Maskati itakuwa saa 3, London saa 12 jioni. Ajenda ni moja tu: namna tunavyokaa humu na kwenye vikao vyetu. Mwezi uliopita hatukukaa vizuri na wote mnajua. Kila mtu aseme anakuja au haji. MNAOMBWA KUANDIKA, MSITUME SAUTI.

18:53 Bakari: Saa 2 ya wapi da Zuu? Mara ile Ami Sefu aliingia saa 8 mchana akakaa na Zoom peke yake 😂

18:53 Salma: 😂😂😂 na kanzu kaivaa

18:54 Bakari: [stika]

18:55 Da Zuhura: Bakari toa hiyo stika. Ami yupo humu.

18:55 Bakari: Si utani tu jamani

18:58 Ujumbe huu umefutwa na admini

19:20 Da Zuhura: Nimeangalia, ujumbe wangu umesomwa na watu 23. Majibu mawili, yote ya kucheka.

19:41 Mwanaidi London: Mie nipo da Zuhura. Nitakuwa kwenye basi natoka kazini, nitasikiliza. Ila saa zetu zinarudi nyuma mwisho wa Oktoba, kwa hiyo kikao cha Novemba kwetu kitakuwa saa 11. Tusije tukapishana.

19:44 Mamdogo Saida: [Sauti 6:08]

19:46 Da Zuhura: Shikamoo Mamdogo. Hamadi hasikii, sauti hazimfikii. Nimeomba tuandike kwa ajili yake.

19:49 Mamdogo Saida: [Sauti 0:47]

20:15 Da Zuhura: Maimuna, uko karibu na Mamdogo? Amesema nini?

20:31 Maimuna: Amesema marahaba. Amesema macho yake hayaoni herufi za simu, na mara ya mwisho alipoandika alikosea neno moja, mkaligeuza stika mkacheka wiki nzima. Kwa hiyo haandiki tena. Mtakaomsikia mtamsikia.

20:32 Maimuna: Ile ya dakika sita sijamaliza kuisikiliza, bando limeisha. Mwanzo wake ni habari za mnazi ulioanguka.

20:40 Da Zuhura: Basi sikilizeni. Asiyeweza kuandika atume sauti, isizidi dakika mbili, na mmoja wetu aiandike hapa chini saa hiyohiyo. Mimi naanza wiki hii, Mwanaidi wiki ijayo. Na makosa ya herufi ya mtu mzima hayachekwi humu. Nikiona stika ya namna hiyo nafuta, siulizi ya nani.

20:41 Bakari: Admini umekuwa mkali kama mwalimu wa zamu

20:44 Kaka Rashidi: Da Zuhura, unajua kwamba mke wangu katoka humu?

20:45 Da Zuhura: Najua. Siku hizi mtu akitoka inatuonyesha admini peke yetu. Ilinijia usiku uleule wa kikao. Wifi nimempigia, hapokei.

20:46 Kaka Rashidi: Watu 30 na zaidi humu, hakuna hata mmoja aliyeuliza Neema yuko wapi.

20:52 Bakari: Kaka ule ulikuwa utani. Shemeji ni Msukuma, Msukuma akisema lazima tumwigize kidogo, ndiyo mapenzi yenyewe

20:53 Kaka Rashidi: Alikuwa anaongea habari ya matibabu ya Bibi. Wewe ukamwigiza. Kisha mtu akarekodi, klipu ikaenda mpaka kwenye kikundi cha mtaani kwetu. Mwanangu ameonyeshwa shuleni.

20:54 Bakari: Klipu sikurusha mimi

20:54 Kaka Rashidi: Nani?

21:30 Jabir Maskati: Poleni, ndiyo naingia. Kaka Rashidi pole sana. Nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imetungwa 2022 na ikaanza kutumika 1 Mei 2023. Sitaki ndugu tupelekane huko. Lakini kabla ya kurekodi tuulizane, na mmoja akikataa basi hairekodiwi. Na aliyerusha ile klipu aende huko alikoirusha aiombe ifutwe. Anajijua.

21:48 Ami Sefu: Naona leo mnajua adabu. Mimi nilipotolewa humu mwaka ule kwa ajili ya ugomvi wa Pongwe, nani aliitisha kikao?

21:50 Da Zuhura: Ami shikamoo. Ya Pongwe yalimalizwa mbele ya Bi Mkubwa.

21:51 Ami Sefu: Mliyamaliza nyinyi. Mimi nilikuwa nimeshatolewa.

21:52 Salma: Jamani mkate wa sinia wa Jumapili naoka mie, wa Tanga wanaokuja kwangu kutazamia waseme mapema 🙏

21:53 Bakari: Mie wawili

21:53 Da Zuhura: Salma, subiri.

22:10 Da Zuhura: Ami, nakuomba tusichanganye. La kwako ni zito na linataka siku yake.

IJUMAA

06:12 Hamadi: Nimesoma yote. Asante da Zuhura kwa kuandika.

06:15 Hamadi: Niseme mwezi uliopita ulikuwaje kwangu. Ami alikaa kaipa mgongo taa, uso wake ukawa kivuli kitupu. Watatu walisema kwa pamoja, nikafuata midomo ya mmoja, wawili wakanipita. Mlipocheka na mimi nikacheka. Kesho yake ndipo Rashidi aliponiandikia kwamba mlikuwa mnamcheka Neema. Kumbe na mimi nilimcheka.

06:21 Hamadi: Ninachoomba. Mwanga uwe mbele ya uso. Anayetaka kusema anyooshe mkono, aseme mmoja tu. Awepo mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, na picha yake ibaki kubwa kwenye kioo muda wote. Hapa Tanga namjua mmoja. Ila saa mbili nzima peke yake hawezi, kazi ile inachosha mikono na akili, wenyewe hupokezana kila nusu saa hivi.

06:24 Hamadi: Na mkalimani si wangu peke yangu. Na mimi nina ya kusema, na alama nyie hamjui.

07:02 Mwanaidi London: Hamadi kaka yangu nimeisoma mara mbili. Zoom ya bure inakata dakika 40. Basi kikao kiwe dakika 40, mkalimani mmoja aweze. Sisi hukaa saa mbili kwa sababu nusu yake ni salamu.

07:03 Da Zuhura: Nimekubali. Salamu zimalizwe humu Jumamosi.

07:10 Jabir Maskati: Anataka shilingi ngapi? Nusu juu yangu.

07:31 Hamadi: Nitamuuliza. Na tarehe 23 mwezi huu wa Septemba ni siku ya lugha za alama duniani, inaadhimishwa tangu 2018. Mkitaka, kabla ya hapo nitawatumia video za alama chache: subiri, rudia, nani anasema.

07:33 Bakari: Mimi nataka ya "bando limeisha" 😂

07:34 Hamadi: Ipo. Nitakutumia.

09:05 Da Zuhura: Nusu ya mkalimani bado. Nani mwingine?

12:40 Da Zuhura: Swala ya Ijumaa imekwisha. Naulizia tena nusu ya mkalimani.

13:02 Salma: Mie mwisho wa mwezi

16:17 Maimuna: Bi Mkubwa amesikia. Nimemsomea tangu mwanzo, na ya Ami pia. Anatuma.

16:19 Maimuna: [Sauti 1:52]

16:27 Da Zuhura: Naiandika kama alivyosema, sijapunguza kitu:

"Nimesomewa. Bakari, utani ninaujua kabla yako. Baba yangu alikuwa na mtani wake Mnyamwezi, alimtukana mpaka mbele za wageni. Siku baba alipokufa yule mtani ndiye aliyekuja wa kwanza, akachimba kaburi, akafanya kazi kuliko watoto wa marehemu, na akatania palepale tukacheka huku tunalia. Huyo ndiye mtani. Baba yake Neema alipofariki Mwanza, nani kati yenu alikwenda? Nani alituma hata salamu? Mimi nilituma, na Rashidi alikwenda peke yake. Sasa mnamtania kwa haki gani? Bakari na Salma mtampigia simu leo kabla ya magharibi. Msimwandikie, mpigieni. Na msimwambie arudi. Mwambieni mlichofanya, kisha yeye ataamua. Sefu mwanangu, na wewe nimekusikia. Hilo niachie."

16:28 Da Zuhura: Mwisho wa maneno ya Bi Mkubwa.

17:50 Bakari: Sawa Bibi. Shikamoo.

17:51 Salma: Shikamoo Bibi

20:05 Jabir Maskati: Tumesikia Bibi.

JUMAMOSI

08:14 Kaka Rashidi: Walipiga. Amepokea. Salma alilia. Neema hajasema kama anarudi na mimi simuulizi.

08:20 Da Zuhura: Linki nitamtumia yeye mwenyewe, aingie asiingie ni hiari yake. Na ya matibabu ya Bibi hayasemwi mpaka tujue kama anakuja, kwa sababu hesabu anazo yeye.

08:31 Hamadi: Mkalimani amekubali dakika 40. Anataka alipwe kabla.

08:33 Jabir Maskati: Nusu nimetuma sasa hivi.

08:50 Da Zuhura: Nusu nyingine nani? Leo, si mwisho wa mwezi.

10:26 Mamdogo Saida: [Sauti 0:19]

10:29 Da Zuhura: Mamdogo amesema atatoa robo, na anauliza taa yake ikae upande gani. Mamdogo, ielekee usoni kwako.

10:45 Ami Sefu: Bi Mkubwa kasema la Pongwe aachiwe yeye. Hakusema lini. Jumapili naingia, na nitanyoosha mkono.

10:47 Da Zuhura: Ami, ni dakika 40.

10:47 Ami Sefu: Zangu tano.

11:15 Da Zuhura: Robo ya mkalimani bado.