Naomba ushauri: niilete familia Nairobi sasa au nisubiri Januari?

Ndugu zangu, hamjambo. Nimepata kazi katika Eneo la Viwanda hapa Nairobi, na tangu mwanzoni mwa Julai ninaishi kwa binamu yangu Buruburu, huku mke wangu na watoto wetu wawili wakiwa bado Likoni. Mkubwa yuko Gredi ya 2, na sipendi kumhamisha katikati ya mwaka. Mdogo ana miaka 2 na ana pumu. Huyu ndiye anayeninyima usingizi, kwa kuwa amezoea joto la pwani, na baridi ya msimu huu katika mji ulioinuka zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari si ya kupuuzwa. Juzi usiku nilimsikia kwenye simu akikohoa, mama yake akimpapasa mgongoni, nami sikuwa na la kufanya ila kusikiliza.

Kuhusu nyumba, South B ni karibu na kazi lakini kodi ni ghali. Syokimau ni nafuu kidogo na kuna treni ya kuingia mjini, ila nahofia kutoka alfajiri na kurudi watoto wamelala. Wenye nyumba hudai kodi ya mwezi pamoja na dipositi, hivyo nikikosea sitaweza kuhama tena upesi.

Waliolea mtoto mwenye pumu hapa, mlichagua mtaa gani, na je, miezi ya baridi mliipitaje? Mke wangu pia atayasoma majibu yenu.