Mjadala: Ruzuku ya kupikia vijijini iende kwenye biogesi au presha kuka ya umeme?

Mleta mada
Wakuu, mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Gesi ya mtungi ndiyo inayosukumwa zaidi, lakini hiyo ni zao la mafuta na gesi asilia na inaletwa kwa meli, naiweka kando. Nauliza kuhusu kijiji ambacho nguzo za umeme zimefika na ng'ombe wapo: ruzuku iende wapi? Naomba hesabu, siyo ushabiki.

Fundi umeme
Presha kuka, bila kusita. Chukua nusu kilo ya maharage na lita mbili za maji. Kuvipandisha kutoka nyuzi 25 hadi 115 kunahitaji uniti 0.26 hivi (kilo 2.5 × kilojuli 4.2 × nyuzi 90, gawanya kwa kilojuli 3,600 za uniti moja). Hizo nyuzi 115 sijakosea. Mvuke ukibanwa, maji hayachemki kwenye 100, yanapanda zaidi, ndiyo maana maharage yanaiva upesi. Presha ikitimia swichi inakata yenyewe, na kwa kuwa mwili wa jiko unazuia joto lisitoke, inawaka tena kwa vipindi vifupi tu. Hadi yaive, umetumia uniti 0.4. Kwenye tarifu ya D1, ya kaya zenye matumizi madogo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Shilingi 40 kwa chungu cha maharage! Na umeme upo: Bwawa la Julius Nyerere peke yake lina mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115, zinazozungushwa na maji ya Rufiji.

Fundi wa mitambo ya samadi
Ndugu yangu, hesabu ya chungu nakubali, ya kaya bado. Ukipika chai, wali, mboga na maharage, weka uniti moja na nusu kwa siku. Hizo ni 45 kwa mwezi. Ongeza friji, taa na televisheni, umeshavuka 75, na kuanzia hapo uniti ni shilingi 350. Halafu ugali wa watu wanane hausongwi ndani ya presha kuka.

Sasa tazama biogesi, yaani gesi ya samadi inayooza mtamboni. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa lita 35 hadi 40 za gesi. Ng'ombe wawili wa maziwa waliofungiwa bandani hawakosi kilo 30 hadi 35 kwa siku, yaani zaidi ya lita 1,000 za gesi. Plate moja hula lita 300 hadi 400 kwa saa. Una saa tatu za moto, kila siku, bila LUKU.

Ukubwa wa mtambo haukisiwi. Kilo 35 za samadi na lita 35 za maji ni lita 70 za tope kwa siku. Bakteria wanahitaji siku kama 60 kulimaliza, kwa hiyo zidisha: lita 4,200. Ongeza nafasi ya gesi juu yake, unapata kuba ya mita za ujazo 6, muundo ambao CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini kilichopo Arusha, kimeufundisha mafundi tangu miaka ya 1980. Ukijenga ya mita 4 ili kubana saruji, tope linatoka kabla halijaiva na gesi unaiacha shimoni.

Na kuna kitu presha kuka haitakupa: tope linalotoka ni mbolea. Naitrojeni ya samadi haipotei mtamboni, sehemu yake inabadilika kuwa amonia ambayo mmea unaichukua haraka. Lifunike tu, maana juani amonia nyingi inapaa.

Afisa mifugo
Mkuu, umehesabu ng'ombe wa Hai na Rungwe. Ng'ombe wa kienyeji anachungwa mchana kutwa, unachookota zizini asubuhi ni kilo 5 hadi 8. Kwa kilo 35 unahitaji watano hadi saba. Na lita 35 za maji ni karibu ndoo mbili kubwa kila siku. Manyoni mwezi wa Oktoba, mama akichota maji mbali, mtambo utakula au watoto wataoga? Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji, lakini banda lazima liwe na sakafu ya zege yenye mteremko na mfereji, na hiyo gharama huwa haitajwi.

Fundi wa mitambo ya samadi
Hoja ya maji naipokea. Pasipo na maji karibu, usijenge, na hata ruzuku isitolewe.

Ila wengi wanasema "biogesi imekufa" wakati ugonjwa wenyewe una dawa. Kwenye ukuta wa jiko kuna kipimo cha presha, bomba la plastiki linaloonyesha, limekunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Funga valvu za jiko usiku, ile kuu ya kwenye kuba iache wazi, tia alama kwenye maji. Asubuhi yakiwa yameshuka sana, kuna mvujo: paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, kisha fungua mfuniko wa kuba uangalie udongo wa mfinyanzi umekauka au la. Yakiwa yanacheza juu chini wakati unapika na moto unapepesuka, ni maji ya mvuke yamejaa kwenye bomba lililolegea. Bomba lote literemke kuelekea mtego wa maji.

Gesi ikiwepo lakini haishiki moto, umelisha kupita kiasi. Bakteria wanaotengeneza asidi huzaliana haraka, wale wa methani, gesi yenyewe inayowaka, ni wazito. Asidi ikizidi, pH ikashuka chini ya 6.5, wa methani wanalala na unabaki na hewa ukaa. Acha kulisha wiki nzima, kisha anza upya kwa nusu ya kipimo. Wala usimwage maji ya dawa ya kuogeshea mifugo ndani ya mtambo.

Mvujo usiuchukulie kirahisi. Methani inayotoroka inapasha anga joto kama mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, ukihesabu kwa miaka 100. Kuba iliyopasuka ni hasara kuliko samadi iliyoachwa kukauka shambani.

Mhandisi wa laini
Hapa hakuna aliyegusa waya. Waya wa alumini wa milimita 50 za mraba una ukinzani wa omu 0.64 kwa kilomita. Nyumba zilizo mita 800 kutoka transfoma, kwenda na kurudi ni omu moja. Weka presha kuka kumi za wati 1,000 mwisho wa fezi moja (mojawapo ya nyaya tatu za moto zinazotoka kwenye transfoma), saa moja jioni. Volti 230 zinashuka hadi karibu 190, na kwa kuwa nguvu ya hita inafuata mraba wa volti, kila moja inabaki na wati 700. Kupika kunachukua muda mrefu, kwa hiyo wanaochelewa wanakutana na wanaowahi na laini inazidi kulemewa. Transfoma ya kVA 50 nayo ni presha kuka 50 tu kwa mara moja, taa zikiwa zimezimwa. Kuzalisha megawati 2,115 Rufiji hakuondoi tatizo la mita 800 za mwisho.

Fundi umeme
Kweli, mhandisi, hilo sikulihesabu. Lakini sehemu ya tiba ni rahisi: kugawa nyumba sawa kwenye fezi tatu, na kupandisha tepu ya transfoma (swichi ya kurekebisha volti zinazotoka) asilimia 2.5 au 5. Na maharage yanaweza kupikwa saa nane mchana yakabaki ya moto humohumo.

Mhandisi wa laini
Tepu ukiipandisha, aliye chini ya transfoma anapata volti 240 usiku mzima, angalia usimuunguzie vifaa. Kugawa fezi, ndiyo, kuanze leo. Ningeomba kabla ya kugawa presha kuka kijijini, mtu apime volti saa moja jioni kwenye nyumba ya mwisho ya kila fezi. Chini ya 207, yaani pungufu ya 230 kwa zaidi ya asilimia 10, fedha ya kwanza iende kwenye waya.

Mleta mada
Basi nauliza hivi: nyumba ile ya mwisho kwenye laini, yenye ng'ombe wawili bandani na bomba la maji uani, kwa nini isipewe kuba, na jirani aliye chini ya transfoma asiye na ng'ombe apewe presha kuka?

Afisa mifugo
Ipewe. Lakini fundi arudi baada ya miezi mitatu kuangalia kipimo cha ukutani, na sehemu ya malipo yake ishikiliwe hadi siku hiyo.